Asiyeitika salamu si mkaidi, wala hana mashetani

Mtoto asiyesema katika Garsen hupewa majina mengi kabla hajapewa msaada wowote. Huitwa bubu, huitwa zezeta, huitwa mkaidi. Na akizidi kupiga kelele usiku husemwa kwamba amerogwa au amekaliwa na mashetani. Kila jina katika haya lina njia yake. Aitwaye bubu hutafutiwa shule ya viziwi, na huko hugunduliwa kwamba masikio yake ni mazima. Aitwaye mwenye mashetani hupelekwa kwa mganga, na mbuzi wawili watatu wa familia huishia huko. Aitwaye mkaidi huchapwa. Aitwaye zezeta haendi popote. Hubaki uani nyuma ya nyumba mpaka ndevu zimwote.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeingiaje katika jambo hili. Nimeingia kwa mlango wa maneno. Kazi yangu imenipeleka mara nyingi katika delta ya Mto Tana kusikiliza jinsi watoto wanavyojifunza kusema mahali ambapo lugha nne au tano hukutana sokoni kwa siku moja: Kipokomo cha wakulima, Kiorma cha wafugaji, Kisomali, Kigiryama, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Anayekwenda kuwasikiliza watoto wasemao hawezi kuepuka kukutana na wale wasiosema, au wasemao kwa namna ambayo jamaa zao hawaielewi. Nimekutana nao, nimekaa na mama zao, na nimeshawishika kwamba sehemu kubwa ya taabu ya nyumba hizo huanzia katika jina.

Jina ambalo Kiswahili cha siku hizi kimelitoa ni usonji. Magazeti na redio za Kenya na Tanzania hulitumia, na wataalamu huzungumzia wigo wa usonji kwa kuwa hali hiyo ina upana mkubwa. Yumo ndani yake mtoto asiyetamka neno hata moja, na yumo pia mtu aliyehitimu chuo kikuu lakini hawezi kustahimili kelele za arusi. Wanachoshirikiana ni mambo mawili. La kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana: kuitika jina lake, kuonyesha kitu kwa kidole ili mwenzake naye akitazame, kuelewa mzaha. La pili ni kushikamana na desturi zisizobadilika na mambo yanayojirudia, pamoja na hisia zilizo kali mno au hafifu mno kuhusu sauti, mwanga, ladha na mguso. Huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala si upungufu wa malezi. Ni namna tofauti ambayo ubongo hukua, tena huanza mapema, aghalabu kabla mtoto hajajua kutembea vyema.

Niruhusiwe hapa kusema jambo la sarufi. Kiswahili cha zamani kiliwatia watu wenye ulemavu katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu: kiziwi, kipofu, kilema, kiwete. Ingawa husemwa kiziwi "amekuja" wala si "kimekuja", umbo la neno limebaki na alama yake ya kuwa kitu. Usonji haukupitia huko. Hakuna "kisonji", na tusije tukamtunga. Tunasema mtu mwenye usonji, kama tusemavyo mwenye nyumba au mwenye duka. Mtu anatangulia, na hali yake inamfuata. Lugha yetu imetenda haki kabla ya sisi wenyewe kuitenda.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba lawama na uzushi ni mambo ya pwani tu. Neno la kitaalamu linalotumiwa Ulaya lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi". Alilitumia kuhusu wagonjwa wa akili waliojitenga na ulimwengu. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto huko Baltimore, Marekani, aliwaeleza watoto 11 aliowachunguza, na kuanzia hapo neno likapata maana iliyokaribia ya leo. Lakini kilichofuata ni miaka zaidi ya 20 ya kuwasingizia akina mama. Walisemwa kuwa ni baridi kama majokofu, kwamba mtoto alijifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa penzi la mamake. Mtaalamu Bernard Rimland, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, aliibomoa hoja hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za pacha nchini Uingereza, ulioonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika hali hii. Mganga wa Garsen anayemtafuta mchawi katika ukoo wa mama, na daktari wa Chicago aliyetafuta kosa katika moyo wa mama, walikuwa wakifanya kazi moja. Tofauti ilikuwa ada tu.

Na uzushi haukuishia hapo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala yaliyowafanya watu waamini kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Jarida lililoyachapisha liliyafuta mwaka 2010 na mwandishi akaondolewa katika orodha ya madaktari, lakini maneno yake bado yanasafiri kwa simu za mkononi mpaka vijiji vya Tana. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo kwa sababu hiyo hamkingi na usonji hata chembe. Anamwacha wazi kwa surua, ambayo huua.

Karibu nasi zaidi, Joseph Gona na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mahojiano na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu vyanzo vya usonji. Waliyoyasikia ni yale yale ambayo mtu huyasikia ukingoni mwa Tana: pepo wabaya, uchawi, laana, na pamoja na hayo, matatizo ya wakati wa kujifungua, maradhi na urithi. Lililonivutia ni kwamba watu wale wale waliweza kuziamini sababu za aina zote mbili, na kutafuta tiba huku na huku, kwa mganga, msikitini, kanisani na hospitalini. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaeleza mizigo ya wazazi: unyanyapaa, ukosefu wa matibabu yafaayo, gharama, na uchovu wa kulea. Walieleza pia kwamba sala ni moja ya nguzo zinazowashikilia. Simwambii mtu aache dua. Nasema tu kwamba dua haijamzuia mtu yeyote kumpeleka mwanawe akapimwe.

Basi narudi katika uwanja wangu. Kanner alitambua kwamba baadhi ya watoto wake walibadilisha "mimi" na "wewe". Katika Kiswahili jambo hili hujificha ndani ya silabi moja. Mama humwuliza mtoto, "Unataka maji?" Mtoto akishikwa na kiu siku nyingine huja na kusema, "Unataka maji." Hajakosea matamshi hata kidogo, na pengine ameiga hata mapandisho ya sauti ya mamake. Ameichukua sentensi nzima kama mtu achukuavyo sanduku lililofungwa, bila kujua kwamba ile *u-* ya mwanzo inaweza kung'olewa na kupachikwa *ni-*. Mwalimu asiyejua hili hudhani anadhihakiwa, na fimbo hutembea. Ajuaye husikia ombi la maji, naye hujibu, "Nataka maji," huku akimpa kikombe, ili sentensi na kitu viende pamoja. Mtoto anayerudia maneno ya watu ameanza kuwasiliana kwa njia aliyo nayo.

Salamu nazo zina mambo. Katika nchi ambayo Waorma huulizana habari za amani kwa kirefu, *nagaa* juu ya *nagaa*, na ambayo mtoto wa Mswahili hupimwa malezi yake kwa shikamoo, mtoto asiyeitika humfedhehesha mamake mbele ya wakwe. Namjua mama mmoja aliyeacha kabisa kuhudhuria arusi na matanga. Hakukatazwa na mtu. Alichoka kuombea radhi. Kwa upande mwingine, orodha za dalili zilizotungwa Ulaya na Marekani huuliza iwapo mtoto humtazama mtu machoni. Swali hilo likiletwa kwetu lilivyo litatupotosha, maana watoto wengi wa kwetu hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. La kuuliza ni iwapo anamtazama mtoto mwenzake wanapocheza, iwapo akiona ndege angani humvuta dadake aone naye, au hushika mkono wa dadake na kuuelekeza kwenye sufuria kana kwamba mkono huo ni upawa tu. Ndiyo sababu nazistahi kazi za Kilifi, ambako vipimo vya maendeleo ya watoto viliundwa kwa kuzingatia mazingira na lugha za wenyeji.

Lipo kosa jingine ambalo linatoka kwa watu waliosoma, nalo hunikera kwa kuwa linagusa fani yangu. Wazazi wa Garsen huambiwa mara kwa mara kwamba mtoto hasemi kwa kuchanganyiwa lugha; basi wachague moja. Tafiti zilizofanywa kuhusu watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawadhuru. Kinachodhuru ni ushauri wenyewe. Nyumba inayoambiwa itumie Kiswahili tu humwondolea mtoto bibi yake, ambaye kwa Kipokomo ni bingwa wa hadithi na nyimbo za kubembeleza, lakini kwa Kiswahili ana maneno ya sokoni tu. Mtoto ambaye tayari ana watu wachache wa kuzungumza naye hupunguziwa mmoja tena, aliyekuwa na subira kuliko wote.

Nisifanye kana kwamba maneno pekee yatatosha. Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Garsen nilimkuta mvulana wa yapata miaka tisa amefungwa kamba ya katani kiunoni, ncha ya pili ikiwa imefungwa kwenye mwembe. Nilighadhibika, na nadhani ilionekana usoni mwangu, kwa kuwa mamake aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, unauona mto?" Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya njia, na mto ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Mvulana yule alipenda maji kuliko kitu chochote duniani, naye hakujua hatari. Mto Tana una mamba na viboko. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa mlinzi, na kwa ajili hiyo alikuwa amekosa shule muhula mzima. Aliporudishwa darasani, kamba ikachukua nafasi yake. Kumlaumu mama huyo ni rahisi kwa mtu aliyefika kwa gari na atakayeondoka jioni. Kwingine duniani imeandikwa sana kwamba kutangatanga na kuzama majini ni miongoni mwa hatari kubwa kwa watoto wenye usonji. Yule mama hakuwa ameyasoma maandishi hayo. Alikuwa ameyajua kwa macho yake, na suluhisho pekee alilokuwa nalo lilikuwa kamba.

Mto huo huo hufika nyumbani usipoendewa. Ulifanya hivyo katika El Niño ya 1997 na 1998, ukafanya mwaka 2018, kisha Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, ambapo jamii nyingi za Tana River zilihamia kwenye miinuko na kambi. Vurugu za 2012, zilizoanza kwa mauaji ya watu zaidi ya 50 huko Riketa mwezi Agosti, zikapita Kilelengwani Septemba na Kipao Desemba, nazo ziliwatoa watu makwao usiku. Hebu msomaji afikirie maana ya mambo hayo kwa mtoto ambaye kikombe kikibadilishwa rangi hali chakula. Anaamshwa gizani, anapakiwa katika mtumbwi, analazwa chini ya turubai moja na watu asiowajua, anapewa chakula asichokizoea, na mvua inagonga turubai juu ya kichwa chake usiku kucha. Akilia kwa saa nne, majirani waliopoteza kila kitu hawana subira ya kumstahimili. Familia huhamia ukingoni mwa kambi, mbali na wengine, na hivyo mbali na mahali pa kugawia chakula na dawa.

Ni watoto wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti ya Tana River. Ikiwa kadirio la dunia linaifaa kaunti hii, basi tunazungumza juu ya watu wapatao 2,500. Sensa hiyo haikuwaona kwa jina lao. Iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ikapata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Mvulana wa kwenye mwembe huenda aliandikwa chini ya "kuwasiliana". Huenda hakuandikwa kabisa, kwa kuwa karani hubisha hodi mbele ya nyumba, si uani.

Wapo watakaosema kwamba kaunti yenye uhaba wa maji safi na barabara zinazokatika haina nafasi ya kushughulikia maradhi ya matajiri. Nawajibu kwa kisa cha mtu wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett, aliyefariki Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Aliishi Forest, mji mdogo wa Mississippi, jimbo maskini la Marekani. Kweli, familia yake ilikuwa na benki, nasi hatuna benki ya kumgawia kila mtoto. Lakini utotoni, kwa kipindi fulani, aliwekwa kwa mkulima mmoja na mkewe. Wakulima hao hawakuwa wataalamu wa kitu chochote ila mahindi. Walipoona kwamba kijana hawezi kuacha kuhesabu, walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alisoma, akafanya kazi, akacheza gofu, akasafiri nchi za mbali, na mji ukamzoea. Mahindi tunayo. Watu wanaoweza kuzoea wapo pia. Nimemwona mzee mmoja wa Kiorma aliyempa mjukuu wake asiyesema kazi ya kuhakikisha ng'ombe wote wamerudi zizini, kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliyewajua mmoja mmoja kama yeye.

Ambacho mzee huyo hawezi kukitoa ni cheti. Ili mtoto asajiliwe kuwa mwenye ulemavu, ili aweze hata kufikiriwa kupewa ruzuku ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi iliyowekewa wenye ulemavu mkali, lazima apimwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Vituo vya kuwatathmini watoto kwa ajili ya elimu maalumu vimekuwapo nchini tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na tangu 1986 tuna taasisi ya elimu maalumu huko Kasarani, Nairobi. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo, hata hivyo, wengi wao wako katika miji mikubwa, na kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Mama wa kibarua cha mpunga hawezi kwenda huko kila wiki akiwa na mtoto anayepiga mayowe kila matatu inapopiga honi.

Basi utaalamu na umfuate. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaotembea nyumba kwa nyumba. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo kwa walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji, yanayoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu, na ambayo yamefanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia: jinsi ya kucheza na mtoto ili awasiliane, jinsi ya kutumia picha badala ya maneno, jinsi ya kupunguza ghadhabu kabla haijawaka. Mhudumu wa Garsen akifundishwa maswali matano ya kuuliza kwa Kipokomo na kwa Kiorma, atamtambua mtoto wa miaka miwili ambaye leo hutambuliwa akiwa na tisa, au hatambuliwi kamwe. Kaunti, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya afya ya msingi na elimu ya chekechea, haihitaji kungoja Nairobi kwa hilo.

Wala haihitaji kungoja kwa hili la mwisho. Mvua za masika huanza Machi, na kabla yake machifu huandika nyumba zitakazohamishwa maji yakipanda. Daftari hilo liongezwe safu moja ya kuonyesha nyumba yenye mtoto asiyeweza kuvumilia umati, ili mashua imchukue mapema kukiwa bado mchana, turubai lake liwekwe mbali na jenereta lakini karibu na mgao wa chakula, na kikombe chake kisisahauliwe.